Gauni la Kuingilia Baharini

Mama yangu, Eucabeth Kemuma, alianza kupanga safari ya Malindi mwezi wa pili mwaka 1971, ilhali safari yenyewe ilikuwa ya mwezi wa nane. Kwetu Nyansiongo hakuna aliyewahi kusikia jambo kama hilo. Watu walisafiri, ndiyo. Walikwenda Kisumu kumtazama mgonjwa, Kericho kuchuma chai, Nairobi kutafuta kazi, na popote palipokuwa na kilio. Lakini kuwachukua watoto watatu, mkaenda mwendo wa siku mbili ili mkae tu, mle, mchezee maji, halafu mrudi? Nyanya yangu mzaa baba, ambaye sisi tulimwita Magokoro kama watoto wote wa Kigusii wanavyomwita nyanya yao, alipoambiwa habari hiyo aliuliza:

"Nani amekufa huko?"

"Hakuna aliyekufa, mama," mama yangu akajibu.

"Basi nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa."

Magokoro akaendelea kupepeta wimbi wake. Akapepeta kwa muda mrefu, kisha akasema, "Maji hata hapo chini mtoni yapo."

Mama hakubishana naye. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwembamba, mrefu, mwenye mikono iliyozoea kazi mbili kwa wakati mmoja. Shamba letu lilikuwa kipande cha shamba la mzungu mmoja aliyeondoka nchi ilipopata uhuru, likagawiwa wananchi. Baba yangu, Manasseh Obwocha, alipata sehemu ya mteremkoni, akapanda mahindi na chai kidogo, akafuga ng'ombe wanne wa maziwa. Lakini mama alilijua shamba hilo kabla yake. Alikuwa yaya katika nyumba ya mawe ya mzungu huyo juu ya kilima, tangu akiwa na umri wa miaka kumi na saba hadi alipoolewa mwaka 1959. Kila Agosti wazungu wale walikwenda Malindi wiki tatu kupumzika, na yaya aliandamana nao kuwatunza watoto. Alikwenda mara sita. Kwa hiyo katika kilima chetu chote, wanaume kwa wanawake, yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameiona bahari.

Huko ndiko alikojifunzia Kiswahili. Sisi tulikisoma shuleni. Yeye alifundishwa na Kadzo, mwanamke wa Kigiriama aliyekuwa akiwauzia mayaya na wapishi mihogo ya kukaanga nyuma ya nyumba za wageni. Ndiyo maana mama aliposema Kiswahili sokoni Keroka watu waligeuka kumtazama. Wangeona mwanamke Mgusii, kitambaa kichwani na sweta juu ya gauni, halafu wasikie, "Nipunguzie bwana, sitaki mie." Wachuuzi walicheka mpaka wakampunguzia.

Barua ya kwanza kwa Kadzo niliandika mimi, Nyanchera, kifungua mimba wa mama. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alisimama nyuma yangu akinitajia maneno, huku akimsuka mdogo wetu Persis. Hatukujua kama Kadzo bado yuko hai. Tuliituma kwa sanduku la posta la duka moja la Malindi ambalo mama alilikumbuka, tukangoja. Jibu lilikuja baada ya wiki saba, kwa mwandiko wa mtu mwingine: "Kemuma, mimi ni mzima. Chumba kipo, kitanda kimoja cha kamba na mikeka tele. Uje na wanao niwaone. Usijisumbue kubeba ndizi, huku zipo."

"Hajaonja zetu," mama alisema, na hapo hapo nikajua tutabeba ndizi.

Baada ya barua hiyo, matayarisho yakawa kama kazi ya shamba. Kila Jumapili asubuhi, maziwa yakishachukuliwa na lori, mama alitupanga mbele ya nyumba, mimi, ndugu yangu Abner aliyekuwa na miaka minane, na Persis wa miaka mitano. Palikuwa na karai la maji. Kila mmoja alitumbukiza uso na kukaa humo mpaka mama ahesabu kumi.

"Ukimeza, yatakukereketa. Ya huko ni ya chumvi," alisema.

"Chumvi nani ametia?" Abner aliuliza.

"Tumbukiza uso."

Majirani waliokuwa wakipita kwenda kuchuma chai walisimama uani wakashangaa. Ondieki, jirani yetu wa upande wa chini, alimuuliza baba kama watoto wana ugonjwa wa macho. Baba alisema hapana, wanajiandaa kwenda Malindi, na jinsi alivyolitamka neno hilo, Malindi, mtu angedhani yeye mwenyewe alizaliwa huko. Moyoni hakuwa na hamu sana. Alikuwa mtu wa ng'ombe. Lakini alimpenda mkewe kwa namna ambayo hata sisi watoto tuliiona, na kama Eucabeth alitaka kwenda kukaa kando ya maji wiki moja, basi angekwenda akae kando yake.

Kuhusu joto hatukumwamini. Sisi ni watu wa baridi; Julai kwetu ng'ombe hutoa moshi puani. Mama alisema huko mtu hulala bila blanketi, na mlango wazi. Magokoro, aliyekuwa akijifanya hasikilizi, alisema mlango wazi ni wa watu wasio na mifugo.

Mwezi wa saba mama aliandika orodha. Aliiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa kubwa, nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, na Jumapili moja akampa baba aipitie. Nilikuwa hapo mlangoni nikimenya ndizi. Baba aliisoma kwa sauti, kama alivyosoma kila kitu.

"Nyanchera: kofia ya ukili, gauni la kuogelea, taulo, ndara. Abner: kofia ya ukili, kaptula mbili, taulo, ndara. Persis: kofia, chupi nne, taulo, ndara, kikombe chake. Baba Nyanchera: kaptula." Akasita. "Mimi na kaptula?"

"Utavaa suruali ya kanisani majini?"

Baba akacheka, akaendelea. Dawa ya kichwa. Dawa ya tumbo. Ndizi. Biskuti za safarini. Mafuta ya kupaka. Biblia na kitabu cha nyimbo, maana Sabato ingetukuta huko. Alipofika mwisho aligeuza karatasi, akaona picha ya kalenda, akaigeuza tena.

"Mama Nyanchera, wewe mbona humo?"

"Mimi sina haja ya vitu vingi."

"Hata taulo?"

"Mimi nitakaa na vitu."

Alisema hivyo kama mtu anayesema atapika chai. Baba aliweka karatasi mezani. "Vitu vitakaa vyenyewe," alisema. "Miaka yote hiyo uliyokwenda, ulikuwa ukikaa na vitu?"

Mama alikuwa amesimama, mgongo kwetu, akipanga vikombe kabatini.

"Niliingia siku moja tu," akasema. "Mwaka wa hamsini na saba. Yule msichana mdogo niliyemlea alinishika mkono akanivuta. Maji yalinifika magotini. Nilikuwa nimevaa gauni la kazi, lile jeupe. Memsahibu akaja. Hakufoka, Baba Nyanchera. Aliniambia kwa upole kabisa: Yaya, hapo ni mahali pa watu kuogelea." Akafunga mlango wa kabati. "Nikarudi nikakaa na mataulo. Gauni likanikaukia mwilini, na ile chumvi ikabaki, nyeupe, kama mtu aliyemwagikiwa na unga. Nililifua mara mbili kabla haijatoka."

Baba alichukua kikombe cha chai akakipuliza, ingawa chai ilikuwa imepoa kitambo. Mama alirudi jikoni. Ndizi yangu nilikuwa nimeimenya nikaipitiliza, imebaki nyembamba kama kidole.

Jumanne baba aliniambia nimsindikize Keroka kupeleka mayai. Tulipomaliza na mayai hakugeuka kurudi. Alinipeleka mpaka kwa Nyasani, fundi wa nguo, aliyeketi barazani mwa duka na cherehani yake, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Nataka unishonee gauni," baba akasema.

Nyasani akamtazama. "La nani?"

"La mke wangu. La kuingilia baharini."

Wanaume wawili waliokuwa wameketi hapo wakingoja suruali zao waliacha mazungumzo. Nyasani akavua miwani, akaifuta. "Likoje?"

"Wewe ndiye fundi."

"Ndugu yangu, mimi nimeshona ya harusi, ya ubatizo, na ya kuzikwa. Hilo sijalishona."

Baba akafikiri. Nilimwona akitafuta maneno angani, mkono wake ukichora umbo ambalo mimi sikulielewa. "Liwe la heshima," akasema. "Lifike magotini. Lisipande maji yakiingia. Kitambaa kisionyeshe ndani kikilowa. Na mikono iwe huru, aweze kuinyoosha hivi." Akanyoosha mikono yake yote miwili pale barazani, mwanaume mzima mwenye koti na kofia, na wale waliongoja suruali wakaangua kicheko. Baba hakushusha mikono mpaka Nyasani alipoitikia kwa kichwa kuwa ameelewa.

Vipimo hatukuwa navyo. Baba alisema mama anamfikia hapa, akajigusa kidevuni, na kwamba mabega ni kama ya Nyanchera ukiongeza kiganja. Nilisimamishwa nikapimwa na kuongezewa viganja. Kitambaa walichochagua kilikuwa cha sare za shule, bluu nzito, kwa sababu Nyasani aliapa kuwa hicho hakichuji rangi wala hakishikani na mwili. Shingoni baba alitaka utepe mweupe. Hilo hakuna aliyemuuliza sababu.

Alimpa mama gauni hilo Ijumaa jioni kabla ya jua kutua, likiwa limefungwa kwenye gazeti. Mama alilifungua, akalinyoosha mbele yake, akaligeuza, akatazama mshono wa ndani kama anavyotazama kila mshono. "Hili ni la shule gani?" akauliza.

"La Malindi," baba akasema.

Mama aliliweka usoni, akakaa nalo hivyo, na baba akatufukuza sisi twende tukatazame kuku.

Siku tano kabla ya safari, ng'ombe wetu mkubwa, Rosi, alizaa kwa shida. Ndama alitoka salama lakini mama yake hakuweza kusimama. Bwana wa mifugo alikuja akamdunga sindano, akasema hiyo ni homa ya maziwa: atapona, ila lazima ageuzwe ubavu huu na huu mara kwa mara, alishwe kwa mkono, na ndama anyweshwe kwa chupa. Labda wiki, labda mbili. Ondieki alijitolea kumtunza. Baba alimshukuru, kisha akaenda zizini akachuchumaa karibu na kichwa cha Rosi, na sisi sote tukajua.

Mama alianza kutoa nguo zetu kwenye sanduku.

"Unafanya nini?" baba alimuuliza alipoingia.

"Tutakwenda mwakani."

"Mimi nitakwenda mwakani. Ninyi mnakwenda Jumatatu."

"Peke yangu na watoto watatu? Na garimoshi, na vivuko?"

"Umewapeleka watoto wa watu mara sita," baba akasema. "Hawa ni wako."

Mama alisimama na kaptula ya Abner mkononi. Alikuwa karibu kulia, na sisi tulikuwa tumeshaanza. Ndipo Magokoro aliposema kutoka kwenye kigoda chake, bila kumtazama mtu: "Na huyu mdogo nani atamshika, kama mama yake ana mizigo?"

Mama akaishusha ile kaptula.

"Kikapu changu kiko tayari," Magokoro akasema. "Kiko tayari tangu juzi. Nilidhani mngeniuliza."

Basi tukaenda watano: mama, Magokoro na sisi watatu. Baba alitusindikiza barabarani alfajiri, akamsaidia mama yake kupanda basi, akasimama na mkono juu mpaka tulipokata kona. Nairobi tulipanda garimoshi la jioni, na asubuhi tulipoamka nchi ilikuwa imegeuka: mchanga mwekundu, minazi, na hewa ya vuguvugu kama ya chungu kilichofunuliwa. Magokoro alivua sweta la kwanza Mariakani, na la pili Mombasa. Kilifi, basi lilipoingia kwenye kivuko nasi tukaambiwa tushuke, alimshika Persis kiunoni kwa nguvu mpaka tukafika ng'ambo, na Persis anadai kwamba yeye ndiye aliyekuwa amemshika Magokoro.

Kadzo alikuwa mnene, mwenye kicheko, amekosa meno mawili. Yeye na mama walikumbatiana mlangoni muda mrefu, wakitazamana na kukumbatiana tena. "Wewe Kemuma! Kumbe una watoto wako mwenyewe!" alisema. Kisha akamshika Magokoro mikono miwili akampeleka kwenye kiti. Magokoro hakujua Kiswahili hata neno, na Kadzo hakujua Kigusii, lakini kwa wiki nzima waliketi pamoja wakimenya mihogo na kuzungumza, kila mmoja kwa lugha yake, wala sikuona wakikosa kuelewana. Ndizi zetu Kadzo alizionja, akaomba nyingine.

Kesho yake asubuhi tulikwenda ufuoni. Mama alituongoza bila kuuliza njia, tukapita kati ya nyumba za wageni zenye maua ya zambarau, tukatokea. Sitajaribu kuieleza bahari, walioiona wanaijua. Abner alikimbia moja kwa moja. Mimi nilisimama. Nilikuwa nimeingojea miezi sita na sasa niliogopa.

Mama alitupanga chini ya mti wa mvinje. Alitandika leso, akatuvua ndara, akatupaka mafuta, akatuvika kofia, akatuonyesha tusipite wapi. Gauni lake la bluu alikuwa amelivaa, leso kiunoni. Wazungu wachache walikuwa wakitembea mbali, na familia moja ya Kihindi ilikuwa ikila chapati. Hakuna aliyetutazama mara mbili. Sisi tukaingia majini, tukapiga mayowe. Nilipogeuka nilimwona mama ameketi, miguu ameikunja, mataulo manne yakiwa mapajani mwake, ameyashika.

Nilitaka kumwita. Magokoro ndiye aliyesema. Nilisikia, kwa sababu Magokoro hakujua kunong'ona.

"Eucabeth. Unalinda nini?"

"Vitu, mama."

"Viatu hivi vina miguu, vitatoroka?"

Mama akacheka kidogo lakini hakuinuka.

"Lete hapa," Magokoro akasema. Akayavuta yale mataulo moja moja kutoka mapajani mwa mkaza mwana wake, akayakalia. Kabisa, akayakalia. "Nimelea watoto sita na nimewazika wawili. Nitashindwa na vitambaa? Mwanangu amesimama sokoni akachekwa kwa ajili ya gauni hilo. Nenda."

Mama akainuka, akafungua leso, akaiweka chini, akatembea. Alikwenda polepole mpaka maji yalipomgusa vidole, na kutoka hapo hakusimama tena. Magoti, kiuno, kifua. Wimbi dogo lilikuja likambeba kidogo, likamrudisha chini. Alinyoosha mikono yote miwili juu ya maji, kisha akajitumbukiza kichwa. Nikahesabu. Alipotoka, kitambaa cha kichwa kilikuwa kimetoka, na uso wake ulikuwa wa msichana ambaye sikuwahi kumjua.

"Nyanchera!" aliita. "Njoo! Mlete Persis!"

Tukaenda. Alitushika, mmoja huku na mmoja huku, na Abner akamrukia mgongoni, na kila wimbi lilipokuja tuliinuka pamoja. Alikuwa akilia au ni maji, sikuweza kujua, na nadhani hata yeye hakujua.

Tulikaa siku saba. Sabato tulisali chini ya ule mvinje na Kadzo akaimba nasi nyimbo ambazo hakuzijua. Magokoro naye aliingia siku ya nne, mpaka magotini, amekunja gauni, akachota maji kwa kiganja na kuyaonja. "Ng'ombe wangepapenda hapa," alisema, na kwa muda wote uliobaki alituuliza kwa nini watu wa Malindi, wenye chumvi yote hii ya bure, hawafugi ng'ombe wengi.

Tuliporudi, basi lilitushusha alasiri, na baba alikuwa amesimama kando ya barabara. Alikuwa amekonda. Rosi alikuwa amesimama siku ya tatu, alituambia kabla hata ya kutusalimu, na ndama ni jike. Kisha akamkumbatia kila mmoja, akajitwika sanduku begani. Abner alianza kusimulia na hakunyamaza. Magokoro alitangulia na Persis, akisema baridi hii itamuua.

Mimi nilikuwa nyuma yao kidogo na nikawasikia.

"Uliingia?" baba akamuuliza.

"Niliingia."

"Maji yalifika wapi?"

Mama akasimama njiani, akaweka kikapu chini, akamwonyesha kwa mkono: hapa, kisha hapa, kisha akaupandisha mkono juu ya kichwa. Baba alishusha sanduku. Akacheka, akamtazama, akacheka tena kama mtu aliyeambiwa habari za utajiri.

"Anza mwanzo," alisema. "Mlipotoka nyumbani kwa Kadzo asubuhi. Mlipitia wapi?"

Wakaketi ukingoni mwa barabara, juu ya majani, sanduku katikati yao. Nikawapita. Nyumbani ng'ombe walikuwa wameshaanza kulia, na baada ya kungoja kidogo nilichukua ndoo, nikanawa mikono, na jioni hiyo nikakamua wote wanne peke yangu kwa mara ya kwanza.